Dubai hadi Guangzhou: saa za kwenye tiketi zisikuchanganye

Msimu wa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara kule Guangzhou, China, ukikaribia, Aprili na Oktoba, wateja tunaowakatia tiketi hapa Kariakoo huuliza swali lilelile: "Nikishafika Dubai, bado saa ngapi?" Bado safari ndefu kuliko uliyomaliza. Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000. Dubai hadi Guangzhou ni kama 5,800, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa saba na robo hivi.

Umbali hausumbui watu. Kinachowasumbua ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi.

Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Guangzhou imeitangulia Dubai kwa saa nne, na Dar kwa saa tano. Tuseme tiketi inasema kuondoka Dubai 10:30, kufika 21:45. Ukihesabu hivihivi unapata saa kumi na moja na robo, na roho inashtuka. Toa zile nne, zinabaki saba na robo.

Kurudi, hesabu inageuka. Kuondoka Guangzhou 00:15, kufika Dubai 04:15: mtu anaona saa nne tu, kumbe ni nane. Hapo zile nne unaziongeza. Na mbona nane, si saba na robo kama za kwenda? Huko juu, kilomita kumi na zaidi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya baridi ya huko, Desemba hadi Februari, huzidi nguvu. Wakati wa kwenda unaisukuma ndege, wakati wa kurudi unaikabili usoni.

Sasa itazame tena hiyo 00:15, maana ndiyo inayotia watu hasara. Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, tiketi yake ya kurudi ilisema Ijumaa 00:15. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni saa sita na robo, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Yeye alifunga mizigo Ijumaa mchana, akafika uwanjani jioni. Ndege ilikuwa imeondoka karibu siku nzima nyuma. Alinunua tiketi nyingine kwa fedha za mzigo. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu tiketi tulimkatia sisi na hatukumweleza.

Tangu siku ile hakuna tiketi inayotoka ofisini bila karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa saa zetu za Kiswahili: "Uwe uwanjani Alhamisi saa tatu usiku. Ndege saa sita na robo. Dubai utafika Ijumaa saa kumi na robo alfajiri." Kama tiketi umeikata kwingine, ilete tu. Tutakuandikia, na hatutozi chochote.