Tusiuze maua kwa rangi, tuyape majina yaliyosajiliwa

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana mteja wangu alitaka miche sita ya bogonvilia ya chungwa amalizie uzio wa nyumba yake. Sikuwa nayo, nikaagiza kwa mwenye kitalu mwenzangu kwa jina tunalolitumia wote hapa Tanga: "chungwa". Ilipochanua, minne ikawa nyekundu, miwili zambarau. Nilimrudishia mteja pesa yake. Aliyeniuzia sikumlaumu, kwa sababu "chungwa" ni rangi tu, na kila kitalu kina chungwa yake.

Wengi tunadhani kusajili jina ni kazi ya wanasheria. Haki za mgunduzi wa aina mpya ni jambo jingine, lina sheria zake na gharama zake. Kusajili jina ni kuandikisha katika daftari moja la dunia kwamba mmea huu, wenye maua haya na majani haya, unaitwa hivi, na mwingine wa jamii hiyo usiitwe hivyo tena. Daftari la bogonvilia liko New Delhi, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India.

Kinachoniuma zaidi ni lile ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku kwetu akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia, kwa jina lake. Miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles ilichagua miche kumi iliyotokana na mbegu za Ulaya, ikaipa majina. Mmoja ulikuwa 'Blue Boy'. Karibu miaka mia imepita, na wakuzaji bado wanaitaja 'Blue Boy' kama mtu anavyomtaja babu yake. Daftari la maua hayo linashikwa na chama chao huko Marekani. Milima ni yetu, majina yote ya kwao!

Na hakuna aliyetufungia mlango. Kanuni ya kimataifa inasema jina jipya, tangu mwaka 1959, lisiwe la Kilatini, na jina likishasajiliwa halitafsiriwi. Mtu wa Lushoto akipata ua jipya akalisajili kwa jina la 'Mwali wa Mlalo', hata Tokyo litabaki 'Mwali wa Mlalo'.

Kwenye kitalu changu kuna bogonvilia ya waridi ambayo tawi lake moja limetoa maua meupe yenye kingo za waridi. Nilikata vipandikizi, kumi na moja vikashika. Vinane vimetoa rangi ile ile, vitatu vimerudi kwa mama. Nangoja msimu mmoja zaidi nione kama rangi itadumu. Ikidumu, nitapiga picha, nitapima majani, niandike New Delhi. Jina nimeshalichagua, ila silitaji hapa mpaka liingie daftarini.

Mwenye kitalu cha maua,
Tanga