Zai, sanduku lako

Kigoma, Mei 2024

Zai shoga yangu, asalaam aleykum, habari za Dodoma, watoto hawajambo, shemeji mzima? Sisi huku wazima, yani wazima wa roho, mengine ndo hayo ntakueleza. Najua umepiga simu, mara nne siku ile ya Ijumaa peke yake, sikupokea. Mama Ashura akikwambia nlikuwa bize na msiba usimsikilize, msiba ulikuwa siku moja. Nlikuwa naona aibu tu. Sanduku lako limeingia maji.

Haya nimeshasema. Sa ngoja nikupe toka mwanzo, afu ukinitukana unitukane ukiwa unajua kisa chenyewe.

We Katubuka umekulia, huhitaji kuambiwa ilivyo, sufuria kabisa. Maji ya huku juu kote yanashukia kwetu, yakishafika hayana pa kutokea. Hata ziwa lenyewe na ukubwa wake wote lina mlango, lina mto Lukuga kule Kalemie, Kongo, linapumulia, sisi hatuna hata huo Lukuga. Na mwaka huu ziwa nalo limepanda, ukienda Kibirizi utashangaa, pale tulipokuwa tunanunua dagaa ni maji. Sa watu wa hali ya hewa walisema toka Agosti mwaka jana jamani El Nino hiyo, sie tukasema hayo mambo ya watu wa Pwani huko. Mvua ikaanza, ikanyesha, ikanyesha, bwawa linasogea kidogokidogo kama mgeni anayevuta kiti, leo liko kwa yule fundi cherehani, wiki ijayo liko chooni kwa Mama Ashura.

Usifikiri tulilala. Baba Rama alijaza viroba mchanga, vile viroba vya sementi na unga, akavipanga mlangoni kama anajenga, cha juu kinakaa katikati ya viwili vya chini, katandika na turubai. Akawa anawatembeza wageni kuvionyesha kama mtu aliyenunua gari. Mi nikapandisha vitu, godoro juu ya meza, televisheni juu ya kabati, unga na mchele juu ya dari, mkaa ndani ya pipa. Vyeti vyetu vyote, kadi za kliniki, vitambulisho vya NIDA, karatasi ya kiwanja, nikavifunga kwenye nailoni mbili mbili nikatia ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Hiyo ndoo nliiweka mlangoni kabisa, nikasema lolote likitokea nabeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi, bas.

Na sanduku lako lilikuwa uvunguni, juu ya tofali mbili. Zai, ndoo ilikuwa na nafasi. Ndo kinachoniuma. Nililiangalia lile sanduku nikasema lile bati, lina kufuli, liko juu ya tofali, nani ahangaike kulivunja. Ningekupigia tu ukaniambia vunja.

Usiku wenyewe ilikuwa kama saa nane. Mvua ile ya kwamba mkiongea ndani hamsikilizani kwa bati. Nimeamka kwenda kumfunika Rama nakanyaga maji. Nikasema viroba vimeshindwa, kwenda mlangoni viroba vikavu, vimekaa vizuri tu pale vinalinda nyumba! Maji yanatokea bafuni. Yani kile kitundu cha kutolea maji ya kuoga, maji yanarudi nacho kinyumenyume, meusi, na harufu ambayo sikuandikii hapa maana unaweza ukawa unakula. Kumbe kile kitundu ndo kilitakiwa kizibwe kwanza, unasokomeza matambara unapandisha na kiroba cha mchanga juu. Baba Rama alisimama pale na tochi ya simu anatazama, hajasema neno mpaka leo kuhusu vile viroba.

Umeme alikata mapema, hilo nampa. Maji yalikuwa bado kisiginoni, akapanda kwenye kiti akashusha meni swichi kabla hayajafika kwenye soketi, maana ile ya chumba cha watoto unaikumbuka iko chini sakafuni pale. Akaniambia yakishafika kwenye soketi usiiguse swichi tena, we toka tu. Tukatoka. Nje giza, maji magotini na yanakimbia, na maji ya goti yakikimbia yanambeba mtu mzima, usione madogo. Tulishikana mikono, Baba Rama mbele na mti wa mchi anapapasa chini kila hatua. Mi nikamwambia unachelewesha. Tumefika usawa wa kwa Mama Ashura ule mchi ukazama wote. Wote Zai, mpaka mkono wake. Shimo la choo, lilishadidimia. Ningetangulia mimi na haraka zangu na Rama mgongoni... bas tuache.

Tulipanda mpaka Mwanga kwa shangazi yake, tukalala watu kumi na moja chumba kimoja. Nimeshuka pale naulizwa umeokoa nini, nasema watoto, ndoo, na televisheni. Eti televisheni. Baba Rama aliibeba kichwani kwenye ile mvua, na haijawaka toka siku hiyo. Nilikaa mpaka asubuhi nawaza sanduku la watu.

Siku ya pili kulivyokucha mvua imekata Baba Rama akarudi na vijana wawili kulifuata. Walilikuta linaelea, limetoka uvunguni lenyewe liko sebuleni limeegemea kabati, wakalisukuma kama mtumbwi mpaka kwenye nchi kavu. Tukavunja kufuli, nisamehe na hilo.

Sasa ndani. Kanga za marehemu mama zote zipo. Zimeshika kutu la bati, zile nyeupe zimekuwa na madoa ya rangi ya mawese, nimefua na ndimu na chumvi nikaanika, yamepungua ila hayajaisha. Ile iliyoandikwa Wema hauozi kweli haikuoza, imekula kutu tu. Cheti chako cha kuzaliwa wino umetembea, hicho cha RITA wanatoa nakala, usikilie. Cha kidato cha nne kimegandana na lile faili la plastiki, nimekiacha hivyohivyo, sijakivuta.

Picha ndo zilizonikalisha. Zilikuwa kumi na moja zimeshikana kama chapati. Nikataka kuzianika juani, bahati nikapita kwanza kwa yule mzee wa studio, akaniambia ukianika hivyo ndo umeziua, zikikaukiana hazitoki tena. Rudisha kwenye maji, maji safi ya baridi, ziache zilegee, afu unatenganisha taratibu bila kugusa uso wa picha na kidole, unalaza uso juu, kivulini. Nikakaa na beseni kutwa nzima. Nilikuwa nasikia zinavyoachiana, sauti ndogo, kama mtu anayefungua midomo mikavu. Saba zimepona. Ile ya mama amesimama mbele ya stesheni na gauni la maua, uso upo, mkoba upo, miguu imefutika, amekuwa kama anaelea. Lakini uso upo Zai, na kile kicheko chake cha kubana.

Nyumba tulikaa nje siku nane mpaka maji yaliposhuka. Tope tulikomba likiwa bado bichi, likishakauka ni sementi lile, tukaosha na sabuni afu jiki, mi na glavu za plastiki na mabuti ya kuazima. Maji ya kunywa tulikuwa tunachemsha mpaka yatokote hasa, kisima cha kwa mzee hatujakigusa mpaka leo maana vyoo vyote vilishaingia humo. Tumetoa nyoka mmoja kwenye kiatu cha Rama. Friji fundi amesema tusithubutu kuchomeka kabla hajaifungua ikauka.

Na tumenusurika kufa kijinga, tena baada ya mafuriko yenyewe. Kuta zilikuwa zinatoka jasho, Baba Rama akasema tukaushe, akawasha jiko la mkaa akaliweka chumbani, madirisha amefunga mbu wasiingie, tukalala. Usiku Rama ananiamsha mama kichwa, anatapika, mi nasimama miguu haina nguvu. Nikamburuza nje, nikafungua milango yote, nikamwita baba yake mpaka majirani wakaja kumtoa. Ile hewa ya mkaa haina harufu, haikwambii. Ukuta unakauka kwa upepo na uvumilivu, madirisha wazi, wiki nyingi, hakuna njia ya mkato. Nimemwambia akirudia natoka na watoto naenda kwetu Ujiji.

Jiko la nje nalo limeanguka, siyo siku ya maji, siku tatu baada ya maji kuondoka, jua kali limewaka, tofali mbichi zile zikapasuka ukuta ukalala. Nlishatoka kuchukua sufuria dakika hiyohiyo. Ndo maana nakwambia mwambie kaka yako asiwahi kurudi kwenye ile nyumba yake hata kama pamekauka, azunguke kwanza atazame nyufa na pembe, apeleke fundi. Ananiambia we mwoga. Sawa.

Mi mwenyewe sijui kama tubaki hapa. Baba Rama anasema tunyanyue msingi, mi nasema tunyanyue miguu. Tutaona.

Turudi kwenye sanduku. Umekasirika? Kiasi gani? Kanga nikutumie kwa treni na mtu au nizikalie mpaka uje, na utakuja Mfungo Tatu kama ulivyosema au ndo mpaka Desemba? Cheti cha shule ulishawahi kutoa kopi ukaacha popote, hata kwenye simu? Yule mzee wa studio anasema picha ya mama anaweza kuitengeneza akarudisha miguu, nimwambie afanye au unaitaka hivyohivyo? Na Zai, kuna bahasha ya kaki ilikuwa chini kabisa, chini ya kanga, imefungwa na uzi mwekundu. Imelowa lakini uzi haujaachia. Nimeiweka juu ya kabati, haina jua, sijaifungua na Baba Rama hajui kama ipo. Niifungue ikauke, au?

Nipigie, napokea sasa.

Wako,
Mama Rama