Katuni ya Pinocchio imeacha sehemu tamu

Mhariri, habari za kazi. Jumapili nilipita Majengo nikaingiziwa katuni ya Pinocchio kwenye flashi, ile ya Disney ya 1940, watoto wakaangalia wakalala na raha zao. Mimi sasa ndo nikabaki nanung'unika, maana kitabu chenyewe cha Carlo Collodi wa Italia, cha 1883, nimekisoma. Mle mzee Geppetto, aliyemchonga Pinocchio kwa mbao, anauza koti lake, na nje baridi kali, ili amnunulie mtoto kitabu cha kusomea, halafu huyo mtoto wa mbao anaenda kukiuza apate kiingilio cha maonyesho ya vikaragosi! Sisi tunaoijua baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba na bei ya madaftari, hapo ndo penyewe, ila kwenye filamu koti hulioni. Nyenje naye kitabuni anapigwa nyundo anakufa, kwenye katuni kawa rafiki na anaimba (hilo sawa tu, kitinda mimba wangu angelia usiku kucha). Naomba gazeti litenge hata nusu ukurasa wa hadithi za watoto, tuanze na zile za Kigogo za bibi zetu, na msizilainishe.

Mzazi, Nkuhungu, Dodoma