Dawa na sala, mwanangu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umesema kunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga (heroini), ni kutoka kilevi kimoja kwenda kingine, na kwamba bora uache kavukavu kwa dua. Sikubaliani nawe. Kilevi hukutoa akilini. Methadoni iliyopimwa sawasawa humrudishia mtu akili hata akaweza kuhesabu rakaa zake. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tutafute dawa. Kuala Lumpur, kwenye msikiti wa Ar-Rahman, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Malaya walianza mwaka 2010 kutoa methadoni papo hapo msikitini, dawa pamoja na mafunzo ya dini.

Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapoukosa, huanza ndani ya masaa 8 hadi 24, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea kati ya siku ya 4 na ya 10. Siku hizo usijibebeshe juzuu nzima. Sali umekaa, au umelala ukishindwa. Dhikri fupi yatosha. Ikiwa pombe au vidonge vya usingizi navyo vimo, mwambie daktari kabla hujaacha chochote, maana kuviacha ghafla huleta degedege na huua.

Dozi ya methadoni huanzia chini, miligramu 20 hadi 30, ikapandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hapo ndipo wengi huharibu: mtu akishatulia, swafu ya mbele haimkosi, anajiona amepona, anaacha kikombe chake cha methadoni. Ukikosa siku 3 mfululizo, usirudie dozi yako ya zamani mpaka upimwe upya.

Ramadhani je? Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, kwa hiyo huweza kuhamishiwa baada ya futari, ila muuguzi ndiye apange, mapema kabla ya mwezi kuandama. Ukiwa bado kwenye wiki za mwanzo, wewe ni mgonjwa. Baqara aya ya 185 imekuruhusu kula na kulipa baadaye.

Uchu ukikupanda, kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya nusu saa. Toka ulipo kwanza, ndipo utie udhu na usali rakaa mbili, ikiwezekana na mwenzio. Kusali chumba kilekile ulichokuwa ukivutia, karatasi ya foili ya kuvutia unga ingali mtotoni mwa meza, ni kujitega mwenyewe.

Ruqya, kisomo cha kumwombea mgonjwa, isomwe, haina ubaya. Atakayetaka kukufunga kamba au kuitupa dawa yako, mkimbie.

Toba ina haki za watu pia. Andika uliyowachukulia, lakini miezi hii fedha zisipite mkononi mwako. Mtu unayemwamini awalipe kidogo kidogo.

Ukiteleza, soma Zumar aya ya 53 na urudi kliniki siku hiyohiyo. Mwili uliopumzika na unga hauhimili tena kipimo cha zamani, pumzi hukatika. Waombe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, iwekwe nyumbani, na unaoishi nao wafundishwe kuitumia kabla hujarudi nyumbani.