Rejeta ya safu ni nzuri lakini sebule bado baridi: kwa nini tunakuhesabia vipande vingi

Uingereza ikianza kupoa, malalamiko yanayotufikia ni yale yale. Mteja amepokea kadirio letu la rejeta mbili za safu kwa sebule yake (rejeta ni chuma cha kupasha chumba kwa maji moto; hii huunganishwa kwa vipande, kila kimoja kikiwa na mirija ya wima, yaani safu, iliyopangwa moja nyuma ya nyingine), kisha mtandaoni akaona moja ya mtindo huo huo, imeandikwa kwamba inatosha chumba kama chake, kwa nusu ya bei. Anaona tunataka kumuuzia chuma asichokihitaji. Wengine huinunua ile moja, hutuita tukaifunge, na Januari hupiga simu: rejeta ya moto, sebule baridi, watoto wamekaa na makoti.

Tuanze na lebo. Wati zilizoandikwa pale hazitokani na chuma peke yake, zinategemea joto la maji yanayopita ndani. Kipimo cha Ulaya, EN 442, hupima rejeta maji yakiingia na nyuzi 75, yakitoka na 65, chumba kikiwa na nyuzi 20. Wastani wa maji ni 70. Toa 20 za chumba, inabaki tofauti ya 50. Ndiyo ile ΔT50 unayoiona kwenye lebo. Wauzaji wengine huandika ΔT60, na rejeta ile ile ikaonekana ina nguvu zaidi kwa robo nzima: iliyoandikwa wati 2,000 kwa ΔT60 ni wati 1,580 hivi kwa ΔT50. Wengine huacha wati na kuandika BTU, kipimo kingine cha joto, namba ikapanda mara 3.4 bila joto kuongezeka hata kidogo. Kabla hujalinganisha bei yetu na ya mwingine, hakikisha ΔT ni moja.

Halafu boila yenyewe, mtambo unaopasha maji ya rejeta. Boila za gesi za siku hizi huvuna joto la mvuke uliomo kwenye moshi wake, na huvuna vizuri pale tu maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo mpya, au uliobadilishwa wote, upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55 pale inapowezekana. Maji yakienda na 55 na kurudi na 45, wastani ni 50, ΔT ni 30, na rejeta hutoa nusu tu ya wati za lebo. Ukija kuweka pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto la nje badala ya kuchoma gesi, inayopeleka maji ya nyuzi 45, zinabaki kama asilimia 35. Vipande "vingi" unavyoviona kwenye kadirio letu vinatoka hapa.

Chukua sebule tunayoikuta mara kwa mara kwenye nyumba za mstari za enzi za Malkia Victoria: vyumba viwili vilivyovunjwa ukuta wa kati, urefu mita 8, upana 4, dari mita 2.7. Nje tunaweka nyuzi 3 chini ya sifuri, ndani 20, tofauti 23. Kuta za nje, mbele na nyuma, ni mita za mraba 14.6 za tofali bila uwazi wa kati, zinapoteza kama wati 670. Madirisha ya vioo viwili vya zamani, mita za mraba 7, wati 450. Sakafu ya mbao isiyo na kizuizi cha joto, wati 515. Hewa inayopenya, tukihesabu kwamba inabadilika mara moja kwa saa, wati 655. Jumla ni kama 2,300. Kama dohani la zamani liko wazi, hewa inaweza kubadilika mara mbili kwa saa, na wati nyingine 655 zinapanda nalo. Ndiyo maana tunauliza habari za dohani kabla ya kuuliza rangi ya rejeta.

Wati 2,300 kwa maji ya nyuzi 55 zinahitaji rejeta zenye lebo ya wati 4,470 kwa ΔT50. Rejeta ya chuma ya safu tatu, kimo milimita 600, hutoa kama wati 70 kwa kipande. Ya safu nne kama 90. Kwa hiyo ni vipande 64 vya safu tatu, au 50 vya safu nne. Kila kipande kina upana wa milimita 46 hivi, kwa hiyo rejeta mbili za safu nne, vipande 25 kila moja, zina upana wa mita 1.15 na zinaenea vizuri chini ya madirisha, moja mbele na moja nyuma. Safu nne hutokeza zaidi ukutani, milimita 140 hivi, na pale njia ni nyembamba tunarudi kwenye safu tatu ndefu.

Kwa nini mbili, si moja kubwa? Hewa baridi huteremka kwenye kioo na kutambaa sakafuni. Rejeta iliyo chini ya dirisha huikata palepale. Iliyo upande mmoja wa chumba cha mita 8 huacha upande wa pili ukiganda, na themostati, kidhibiti cha joto la chumba, iliyo karibu nayo huzima boila mapema. Tena bomba la shaba la milimita 10 likibeba wati 2,300 peke yake, maji hukimbia hadi yakasikika. Zikigawanywa kwenye rejeta mbili, utulivu unarudi. Inapobidi rejeta moja, tunapeleka bomba la milimita 15, na hapo mbao za sakafu zinafunguliwa.

Njia ya mkato tunayoiona zaidi ni kununua rejeta ndogo na kupandisha boila hadi nyuzi 75. Chumba kinapata joto, ni kweli, lakini boila inaacha kuvuna mvuke na bili ya gesi inapanda kila mwezi wa baridi. Siku ya pampu ya joto, rejeta hiyo inang'olewa: mfumo unamwagwa maji, mabomba yanasogezwa kwa upana mpya, ukuta unapakwa rangi tena. Gharama hiyo inazidi bei ya vipande vilivyopunguzwa mwanzoni.

Mkato wa pili ni kutohesabu maji yanayoongezeka. Kipande kimoja hubeba karibu lita moja, kwa hiyo vipande 50 huongeza kama lita 50 kwenye mfumo. Tangi la upanuzi, linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, lililomo ndani ya boila, mara nyingi la lita 8, linaweza lisitoshe kwa ongezeko hilo. Dalili yake: presha inatoka bar 1 ikiwa baridi na kukaribia bar 3 ikiwa moto, kisha kibomba cha nje kinadondosha maji, na asubuhi presha ni sifuri. Tangi la pili kwenye kadirio letu ni la kuzuia hilo. Dawa ya kuzuia kutu nayo huongezwa kufuata maji, kwa kawaida lita 1 kwa kila lita 100, baada ya mfumo kusafishwa na kichujio cha sumaku kufungwa, kama kiwango cha BS 7593 kinavyotaka. Rejeta mpya kwenye maji yenye tope jeusi hujaa chini, nayo sehemu ya kati hupoa.

Ukuta wa jipsamu hatuutundikii rejeta ya vipande 25 kwa skrubu peke yake. Ikijaa maji hupita kilo 50, kwa hiyo tunaweka miguu sakafuni na mabano ya kuizuia isiinamie mbele.

Ukitaka kadirio, tutumie vipimo vya chumba pamoja na kimo cha dari, ukubwa wa kila dirisha na kimo cha kizingiti chake, aina ya kuta na sakafu, picha ya boila na ya kipimo cha presha mfumo ukiwa baridi, na kipenyo cha bomba linaloingia kwenye rejeta ya sasa.