Shoga, nisemee kwa Mzee

Mtwara, Chikongola

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na goti la Mzee limepoa. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama ule mfuko wa ming'oko aliokutumia kwa basi ulikufikia au makondakta waliutafuna njiani. Mjibu tafadhali, maana kila asubuhi ananiuliza mimi.

Tumekaa kimya mno mimi na wewe. Leo imebidi niandike kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe haliwezi kusemwa kwa simu huku watoto wanapiga kelele. Nataka Mzee, baba mkwe wako, na kustaafu kwake, aende Maputo akamuulizie mwandishi wa redio aliyepotea.

Usicheke kwanza. Nisikilize mpaka mwisho.

Binti yetu wa redio, wa kwa dada, alishikwa hivi karibuni. Alikwenda kijijini siku ya mnada wa korosho, akawahoji wakulima waliokuwa wanalalamikia malipo yao, jioni akachukuliwa mpaka kituo kimoja ambacho sitakitaja humu. Simu wakachukua, kinasa sauti wakachukua. Dada alilia mtaa mzima ukasikia. Wakili tuliyempata akasema tusubiri Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Aliyemtoa ni diwani wetu wa zamani, yule mzee wa Mikindani aliyesimama kwenye harusi ya Mama Wawili mpaka wale wakwe wakalegea.

Nilikuwepo, shoga. Alikuja na kanzu yake na bakora, akaketi kwenye benchi pale kaunta. Akawasalimia askari mmoja mmoja. Akamuuliza mkuu wa kituo kwao ni wapi, na ikatokea kwamba babaye mdogo alisoma naye Ndanda. Wakaongea mvua, wakaongea salfa ilivyochelewa, chai ikaletwa. Mtoto hatajwi! Mimi niko nje, nimeegemea ukuta, machozi yananitoka, nasema huyu mzee amesahau kilichomleta. Alipomaliza chai akanyanyuka, akashika ubao wa mlango, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Na huyu binti yenu, mwanangu. Mama yake hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nipeni niondoke naye, Jumatatu mkimhitaji nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu." Mkuu akainama kidogo, akamwita askari wa funguo. Kinasa sauti kilirudi bila kadi yake, lakini mtoto alirudi mzima.

Tangu siku ile nawaza jambo moja tu. Wakili alikuja na sheria, na sheria ingemtaka mkuu wa kituo akubali mbele ya vijana wake kwamba amekosea. Diwani hakuwa na cha kuamuru. Hana cheo, hana gari, hana wa kumhamisha. Kwa hiyo aliyemkubalia hakuonekana ameshindwa, alionekana amemheshimu mzee. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dunia huwatuma wastaafu.

Unakumbuka mwaka 2009, wale wanawake wawili, Laura Ling na Euna Lee? Walikuwa waandishi wa Current TV, kituo ambacho Al Gore alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Walikamatwa mwezi wa tatu pale Mto Tumen, kwenye mpaka wa China na Korea Kaskazini, na mwezi wa sita wakahukumiwa miaka 12 ya kazi ngumu. Serikali ya Marekani haikuwa na ubalozi Pyongyang, na ingetuma waziri ingeonekana imepiga magoti. Hao waandishi wenyewe wakawaambia jamaa zao kwa simu kwamba akija Bill Clinton, rais mstaafu, wataachiwa. Naye akaenda, mapema mwezi wa nane, Ikulu ikisema ni safari yake binafsi, hali mkewe ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje! Akala chakula cha jioni na Kim Jong-il, mtawala wa kule, wakapiga picha wameketi. Itazame vizuri ile picha, Clinton hacheki hata kidogo. Picha ndiyo bei aliyolipa, na yule bwana alichokitaka kwa kiasi kikubwa ni hiyo picha, aonekane rais mzima wa Marekani amefunga safari kwake. Kesho yake wale wanawake walishuka kwenye ndege California wakiwakumbatia watu wao.

Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni Bill Richardson, yule wa New Mexico, Mungu amrehemu, alifariki 2023. Mwaka 2006 alikuwa bado gavana, akaenda Khartoum kuzungumza na Bashir, rais wa Sudan, kwa ajili ya Paul Salopek, mwandishi wa Chicago Tribune aliyekamatwa Darfur. Salopek hakuachiwa peke yake. Aliachiwa pamoja na dereva wake na mkalimani wake, watu wa Chad. Shoga, mimi nimekwama hapo. Dereva na mkalimani ndio watu wetu sisi. Ndio binti wa dada. Ndio wale ambao hakuna ndege inayorushwa kwa ajili yao, ila wakibahatika kukamatwa siku moja na mgeni. Baadaye, mwaka 2021, Richardson akiwa ameshatoka madarakani kitambo, alimtoa mwandishi Mmarekani Danny Fenster kule Myanmar, siku chache tu baada ya kuhukumiwa miaka 11. Alifurahi kila mtu, nami nilifurahi. Lakini waandishi wa Myanmar wenyewe walibaki ndani wengi.

Najua shemeji atasema nini, nilimsikia siku ya hitima. Atasema kila mzee anayekwenda kubembeleza anawafundisha watekaji kwamba mwandishi ni mali. Wanakamata leo, kesho analetewa rais mstaafu, keshokutwa wanakamata mwingine. Ana hoja, simbishii. Na si safari salama vilevile: Terry Waite, mjumbe wa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Beirut kuwaombea mateka, Terry Anderson wa shirika la habari la AP akiwa mmoja wao, na Januari 1987 akatekwa yeye mwenyewe. Alitoka Novemba 1991. Yote hayo nayajua. Lakini mwambie shemeji asimame pale kaunta, mtoto wake awe ndani, halafu aniambie tumwache mzee asinywe chai.

Sasa nirudi kwenye ombi langu.

Hapa Mtwara tuko jirani na Palma ya Msumbiji kuliko tulivyo jirani na Dar. Ng'ambo ya Ruvuma ni ndugu, Wamakonde wa huku na wa kule wanaoana tangu zamani. Vita ya Cabo Delgado, jimbo lao la kaskazini, ilipoanza Oktoba 2017 tuliwaona wakivuka, na mwaka 2020 tukaiona mpaka huku kwetu Kitaya. Kule kuna waandishi wa redio za kijamii, watu wa mshahara mdogo, pikipiki na kinasa sauti, sawasawa na binti yetu. Januari 2019 Amade Abubacar alikamatwa Macomia akiwahoji watu waliokimbia makwao. Alikaa mikononi mwa jeshi kisha rumande mpaka mwezi wa nne ndipo akapewa dhamana. Halafu Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma. Tarehe 7 Aprili 2020 alitoka kazini jioni. Akamtumia mwenzake ujumbe mfupi wa simu kwamba amezungukwa na askari. Basi. Hajaonekana mpaka leo.

Palma, shoga! Redio yao tungeweza kuikamata Msimbati upepo ukikaa vizuri. Clinton hatakwenda kumuulizia Mbaruco. Sasa nani aende?

Nakuambia nani: wazee wetu. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar mwaka 1962. Wapiganaji wao walifundishwa Nachingwea, majeruhi wao walitibiwa hapahapa Mtwara. Joaquim Chissano aliishi Dar, na Kiswahili anakizungumza. Alipostaafu urais akawa yeye mwenyewe mtu wa kutumwa, Umoja wa Mataifa ulimtuma kwa Joseph Kony, yule mkuu wa waasi wa Uganda, mwaka 2006, SADC ikamtuma Madagaska mwaka 2009. Watu hawa wanajua kazi hii. Na wanatudai wema, na sisi tunawadai. Mzee wako amekula nao meza moja enzi za ubalozi, wewe ndiye uliyenionyesha zile picha kwenye albamu, suruali pana na ndevu nyeusi. Akipiga hodi Maputo hatafungiwa mlango.

Huwa namfikiria marehemu Mkapa. Angekuwepo ningeandika barua hii kwake moja kwa moja, niipeleke kijijini kwake Lupaso kwa miguu yangu. Alianza kama mhariri, Uhuru na The Nationalist miaka ya sitini, kisha Daily News, akawa wa kwanza kuiongoza Shihata, shirika letu la habari, mwaka 1976, ndipo yakafuata mengine yote. Na alipostaafu, mwaka 2008 Kenya ilipokuwa inaungua, alikaa Nairobi wiki nyingi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel mpaka Kibaki na Raila wakatia saini tarehe 28 Februari. Mtoto wa Masasi, mwandishi, rais, kisha mpatanishi. Nani angemuelewa mama wa mwandishi kumzidi huyo?

Sitaki Mzee adai mtu aachiwe. Sitaki atoe hotuba. Nataka akae, anywe chai, aongee habari za Nachingwea, na akisimama kuondoka aulize: yule kijana wa redio ya Palma yuko wapi? Kama yuko hai, ndugu zake wamwone. Kama hayuko, waonyeshwe kaburi wasome dua.

Na kabla hujaniuliza mbona nauliza ya kwa jirani: nakumbuka Azory Gwanda, mwandishi wetu aliyepotea, sijamsahau hata siku moja. Kila basi letu la Dar linapita Kibiti, na kila nikipita pale naangalia dirishani. Tarehe 21 Novemba 2017 alifika shambani kwa mkewe akiwa na watu ndani ya gari jeupe, akauliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akaaga kwamba ana safari ya dharura. Alikuwa anaandika juu ya mauaji ya kule Kibiti na Rufiji. Nani amekwenda kunywa chai kwa ajili yake? Kwa hiyo ombi langu kwa Mzee lina sehemu mbili, na hii ya pili haihitaji pasipoti wala nauli ya ndege, inahitaji tu gari la kutoka Mbezi mpaka ofisi za watu anaowaita wanangu. Ila wewe unajua zaidi yangu ipi iwe ya kwanza. Labda ya Maputo ndiyo nyepesi kumtajia. Labda nimekosea mpangilio, sijui, nisaidie kufikiri.

Binti ameanza kazi tena. Dada hataki, wanagombana kila siku, nami niko katikati. Jana alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanisikilizisha sauti ya bibi mmoja wa Nanyamba anayeeleza magunia yake yalivyopimwa. Sauti tamu, yenye hasira. Nikamwambia tunza nakala mbili.

Haya, niambie. Mzee anaamka saa ngapi siku hizi, na ni saa ngapi anakuwa mchangamfu? Bado anaandikiana na yule rafiki yake wa Maputo, yule mwenye mke Mmakonde? Nikija mwenyewe baada ya mnada wa mwisho, utanipokea, au niandike barua rasmi kwanza kwa jina la akina mama? Shemeji atakasirika? Na wewe, ukinijibu kwa ukweli, unaona Mzee ataogopa? Ming'oko je, ilifika?

Nisalimie watoto wote. Nasubiri majibu yako, hata kama ni ya hapana.

Wako,
Shoga yako wa Chikongola