Sweta ya mjukuu, lesi ya mama

Mama zangu na dada zangu, hamjambo. Jumamosi tukutane kwangu saa nane mchana, chai ipo. Kila mtu aje na sindano za milimita 3.25 na uzi laini gramu 100. Kwa mtoto mchanga zinatosha.

Tutafuma sweta yenye lesi ukingoni. Niseme ukweli, yangu ni ya mjukuu tunayemtarajia Kabale, na baridi ya kule asubuhi mnaijua. Lesi nimeiiga kwenye sweta aliyonifumia marehemu mama. Nondo wameila kwapani, lakini ukingo u mzima. Nimeukalia siku mbili, usiku, nikihesabu matundu kwa ncha ya sindano.

Kazi yenyewe ni hesabu. Kila ukizungusha uzi kupata tundu umeongeza kitanzi kimoja, basi unganisha viwili papo hapo. Ukisahau, sweta inapanuka kama gomesi! Mimi nimeshafumua mara tatu, msinicheke.

Lesi tuiweke chini na shingoni tu. Kwenye mikono sitaki, vidole vya kichanga hunasa matunduni. Vifungo tushone kwa uzi maradufu, asije akaving'oa akatia mdomoni. Mwenye uzi wa akriliki asiupige pasi ya moto, ukishalegea haurudi.

Halafu, nani ana vifungo vidogo vyeupe, vitano? Vyangu viwili vimepasuka.